Gemu za Reiner Knizia: ulizia pointi kwanza, sheria zingine utazidaka mbele ya safari

Tulikuwa tunacheza Lost Cities, gemu ya Knizia, kwa karata za kawaida. Mechi ilipoisha mke wangu alifungua mkono nikaona 9 na 10 ya shupaza, alikuwa kazikalia toka mwanzo wa mechi, na mi huku mezani nina J, Q, 4 na 6 ya shupaza nasubiri hizo hizo mbili zije. Hasara pointi 30, kwa rangi moja tu! Hapo ndo nilianza kumwelewa Reiner Knizia.

Kwa wasiomjua, ni Mjerumani, kazaliwa 1957, ana PhD ya hisabati kutoka Chuo Kikuu cha Ulm, kafanya kazi za benki, akahamia Uingereza, af toka 1997 kazi yake ni moja tu, kutunga gemu za mezani. Zilizotoka zimepita 600. Wengi wanasema gemu zake ni kavu, hesabu tupu, hadithi imebandikwa juu juu. Mi nakataa kabisa, utamu wake umejificha kwenye namna ya kuhesabu pointi.

Kwaiyo ukikaa kwenye gemu yake yoyote, kabla hujauliza nani anaanza, uliza mwisho tunahesabuje. Chukua Tigris & Euphrates ya 1997, unakusanya pointi za rangi nne, lakini unachohesabiwa ni ile rangi yako iliyo chini kuliko zote, yani una nyekundu 15 na bluu 2, basi we una 2. Ukilijua hilo mapema unaacha kujaza ulipojaa, unahangaika na pale palipopungua.

Na usikimbilie kununua boksi. Anza na Lost Cities, ya 1999, watu wawili, na unaweza kuicheza kwa karata za kawaida kabisa. Toa ree zote na jokeri, zinabaki karata 12 kila rangi, idadi ile ile ya kwenye boksi lake, ila boksi lina rangi tano we utakuwa na nne. Kila mtu karata 8. Zamu yako unaweka karata moja mbele yako au unaitupa kwenye fungu la rangi yake katikati, af unaokota moja, ya juu ya fungu lolote pale katikati (sio uliyoitupa sasa hivi) au ya kwenye pakiti. Kwenye rangi unapanda tu, ukishaweka 6 basi 5 haiingii tena.

Sasa pointi. Rangi ukiifungua tu unadaiwa 20. J, Q na K ni dau, zinawekwa kabla ya namba, ukiweka moja matokeo ya rangi ile yanazidishwa mara mbili, mbili mara tatu, tatu mara nne, iwe faida iwe hasara. Ndo yaliyonikuta, 4 na 6 ni 10, toa 20, hasi 10, mara tatu. Ukifikisha karata 8 kwenye rangi moja unaongezewa 20, hiyo haizidishwi. Pakiti ikiisha mechi imeisha.

Mechi zako za kwanza fungua rangi mbili tu, tatu mkono ukiwa mzuri sana. Dau weka ukiwa tayari na namba tatu nne za rangi hiyo mkononi. Na kabla hujatupa 10 ya kopa angalia kwanza mezani kwa mwenzio, kama kopa ameshaianza ataiokota zamu hiyo hiyo.