Bili ya hospitali na kampuni ya mtu mmoja: matibabu yako yaingie wapi vitabuni

Pesa ikitoka benki ya kampuni kwenda kaunta ya hospitali, mkaguzi wa kodi anaweza kuisoma kwa namna mbili: ama ni maslahi ya mfanyakazi, ama ni faida ambayo mwenye kampuni amejigawia kimyakimya. Risiti ni ile ile. Kinachoamua ni karatasi zilizokuwepo kabla hujaugua.

Kodi ya mapato ni jambo la Muungano. Kwa hiyo Unguja na Pemba tunafuata Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, na ritani ya kampuni (taarifa yake ya kodi ya mwaka) inapelekwa TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania, si ZRA, Mamlaka ya Mapato Zanzibar. Kifungu cha 11 kinaruhusu kampuni kupunguza kwenye mapato yanayotozwa kodi gharama iliyotumika yote kwa ajili ya kuzalisha mapato, na kinakataza matumizi ya mtu binafsi na pia mgao wa faida. Kifungu cha 7, kinachohusu mapato ya ajira, kinamwondolea mfanyakazi kodi kwenye matibabu, malipo ya matibabu na bima ya matibabu anayopewa na mwajiri. Sharti ni kwamba yawe ya mfanyakazi mwenyewe, mwenza wake na watoto wao wasiozidi wanne, na mwajiri ayatoe bila ubaguzi.

Hapo ndipo kampuni inapoachana na duka la mtu binafsi. Mwenye duka la vitambaa Darajani anayefanya biashara kwa jina lake hana mwajiri, kwa hiyo dawa zake ni matumizi ya nyumbani. Akiwa kwenye kodi ya makadirio ndiyo kabisa, kwa sababu kodi ile inapigwa kwenye mauzo na gharama haziulizwi. Wabia wa ubia nao hawamo kwenye msamaha huu. Lakini mkurugenzi wa kampuni sheria inamhesabu kuwa yumo kwenye ajira, hata kama hisa zote ni zake.

Tazama hesabu. Bima ya familia ni shilingi 1,800,000 kwa mwaka. Kampuni ikiilipa kama maslahi ya mfanyakazi, inatumia 1,800,000 ya faida yake na basi. Ukiilipa mwenyewe kwa gawio, yaani mgao wa faida, faida kwanza inakatwa asilimia 30 ya kodi ya kampuni, kisha gawio linazuiliwa asilimia 10. Katika kila shilingi 100 za faida unabaki na 63. Ili upate 1,800,000 mkononi, kampuni lazima iwe na faida ya takriban 2,857,000. Zaidi ya milioni moja inapotea kwa kukosa karatasi tatu.

Ya kwanza ni mkataba wa ajira kati ya kampuni na wewe, wenye mshahara unaolipwa kweli kila mwezi, na PAYE yake (kodi inayokatwa kwenye mshahara) iwasilishwe ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha. Mkurugenzi asiyejilipa hata senti kisha akadai maslahi ya ajira anajiweka pabaya. Ya pili ni azimio la kampuni lenye tarehe, linalosema wafanyakazi wote watagharamiwa matibabu, kwa kiwango gani, na nani katika familia anahusika. Liandikwe mwanzoni mwa mwaka. Azimio lililoandikwa baada ya upasuaji linaonekana ni la kuokoteza. Ya tatu ni risiti ya kielektroniki yenye jina la kampuni. Ankara ya mkono kutoka duka la dawa haitoshi, kwa hiyo omba risiti kabla hujaondoka kaunta.

Kama ni bima, mkataba wake uwe kwa jina la kampuni, na wewe uandikwe kama mwanachama. Kosa tunaloliona sana ni bima ya jina la mtu kulipwa kwa simu yake, kisha kampuni "inamrudishia" bila hata fomu ya madai. Ikibidi kurudishiwa, jaza fomu, ambatisha risiti, na lipa kwa benki kiasi kile kile, si kwa kukadiria.

Sharti la kutobagua halisumbui ukiwa peke yako. Linaanza kuuma siku unapoajiri karani. Wewe ukiwa na bima kubwa ya kutibiwa nje na yeye hana kitu, msamaha wako wa kodi uko hatarini. Kabla ya kuajiri, punguza kiwango mpaka kile unachoweza kuwapa wote.

Halafu kuna safari. Mgonjwa wa Mkoani, Pemba, aliyepewa rufaa ya hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ana nauli ya boti, nyumba ya kulala na chakula cha anayemuuguza. Msamaha unataja huduma za matibabu, malipo yake na bima yake. Nauli na malazi haukuyataja. Sisi tunashauri yalipwe kutoka kwenye mshahara, au yaongezwe kwenye mshahara na kukatwa PAYE. Inaudhi, kwa sababu kwa Mpemba nauli ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, lakini kuyachanganya na bili ya daktari kunaweza kuitia shaka bili nzima.

Weka faili moja ya matibabu, mbali na risiti za umeme na mafuta, na uitunze miaka mitano. Kampuni inayofunga mwaka Desemba hupeleka ritani kabla ya Juni kwisha, kwa hiyo mpe mhasibu faili hiyo Januari, risiti zikiwa bado zinasomeka.