Kabla ya kupanda daraja la leseni, pima macho na presha

Msimu wa korosho ukikaribia, simu yangu haipoi. Vijana wa Masasi, Tandahimba na Newala wanajua kwamba kuanzia Oktoba maghala yanajaa, minada inaanza, na matajiri wenye malori wanatafuta madereva wa kushusha mzigo bandarini Mtwara. Swali lao ni moja: "Kaka, nimepata gari, leseni yangu nayo ni ya zamani, nianzie wapi?" Wapo pia wanaotaka kutoka kwenye lori waingie kwenye basi la Dar. Wote nawaambia waanzie hospitali. Wengi hawapendi jibu hilo, kwa hiyo leo nalieleza kwa urefu.

Kwanza tumalize habari ya madaraja, maana hapo ndipo watu wanapopoteza fedha. Leseni ya daraja B ni ya gari lako binafsi, haikuruhusu kufanya biashara. Daraja D linakupa magari ya kawaida ya kazi, lakini si malori mazito wala gari la abiria. Lori zito linataka daraja E. Abiria wana ngazi zao: C3 ni teksi ndogo, C2 inaishia chini ya abiria 15, C1 ni kuanzia 15 hadi chini ya 30, na C yenyewe ni basi la abiria 30 na kuendelea. Huwezi kuamka asubuhi ukaomba C. Lazima uwe umeshika C1 au E kwa muda usiopungua miaka 3, tena uwe umepita kwenye mafunzo ya magari ya abiria, ambayo wengi wetu tunayasomea Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kule Mabibo au VETA. Mimi niliingia kwa mlango wa E, baada ya utingo wa muda mrefu kwenye fuso za ufuta na korosho. Akitokea mtu wa kukuambia atakupandishia daraja bila wewe kukanyaga darasani wala kukaa mbele ya trafiki, achana naye. Siku utakayopata ajali, bima na mahakama watauliza ulisomea wapi, na yeye hutamwona.

Sasa nirudi kwenye afya, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike.

Nilipokuwa naomba kazi ya lori kwenye kampuni moja, tulipelekwa kupimwa afya. Kisheria ndivyo inavyotakiwa: Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ampime mfanyakazi kabla ya kuanza kazi na kila baada ya muda. Tulikuwa kwenye foleni, mlango uko wazi, na kila aliyeingia alisoma herufi za ubaoni kwa sauti. Niliyekuwa nasubiri nikasikia mstari wa chini ukisomwa mara nne, mara tano. Zamu yangu ilipofika, kwa jicho la kushoto mstari ule niliuona kama sisimizi wamepanga foleni. Nikausoma wote bila kukosea. Muuguzi akaandika, akagonga mhuri, nikatoka nimefurahi.

Niliendesha kwa karatasi ile karibu mwaka mzima. Mchana sikuona tatizo. Usiku ndio nilikuwa nateseka: gari likija mbele taa zinachanua kama jua lenye miale, na likishanipita nabaki sekunde kadhaa sioni ukingo wa barabara. Nikajiambia ni uchovu, au ni hawa wa siku hizi wanaofunga taa kali. Usiku mmoja natoka Mtwara na mzigo, nimeshapita Mchinga naelekea Mbwemkuru, nikapishana na basi. Taa zilipopita, mbele yangu kukatokea kitu cheusi, kipana kuliko mtu. Ilikuwa baiskeli yenye magunia matatu ya mkaa, haina taa, na mzee anaisukuma pembeni ya lami. Nilikanyaga breki, tela likavuta kushoto, nikasimama nimempita kwa upande kiasi kwamba kioo changu cha pembeni kilikwangua gunia la juu. Mkaa ulimwagika barabarani. Mzee alikuwa amekaa chini majanini, mikono kichwani. Hakusema neno la ukali. Aliuliza tu, "Mwanangu, hukuniona?"

Sikumjibu, kwa sababu jibu nilikuwa nalijua tangu siku ya foleni.

Wiki ile ile nikaenda kliniki ya macho kwa fedha yangu mwenyewe. Safari hii nilimwomba mpimaji afunge mlango na aniambie ukweli. Jicho la kushoto lilikuwa halioni mbali, la kulia lina nafuu. Akanipa miwani. Nilipotoka nje nikaivaa, ng'ambo ya barabara kulikuwa na fuso limepaki, la mtu ninayemfahamu, ninapishana nalo karibu kila siku. Kwenye bodi kulikuwa na mapambo mekundu ambayo siku zote nilidhani ni maua. Yalikuwa maandishi. Nikayasoma mpaka mwisho, nimesimama pale pale kwenye ngazi, machozi yananitoka.

Kwa hiyo ndugu yangu, usikariri herufi. Kama huoni, sema huoni. Mara nyingi dawa yake ni miwani tu, na miwani haikunyimi kazi. Omba upimwe kila jicho peke yake, na upimwe rangi pia, kile kitabu cha vidoti chenye namba ndani. Ukifika miaka 40 na kitu, utaanza kusogeza simu mbali ili usome. Hiyo ni kawaida ya umri na inahusu kuona karibu. Ila taa za usiku zikianza kuchanua, au ukaona kama kuna ukungu usiofutika, muulize daktari juu ya mtoto wa jicho. Unatibika kwa upasuaji.

Presha nayo imewatoa wengi kwenye usukani, na wengi wao hawakuwa wanaumwa popote. Ndiyo tabia yake. Rafiki yangu wa siku nyingi, dereva mzuri kuliko mimi, alipimwa wakati wa ajira akakutwa na 190 kwa 110. Daktari akamkatalia. Alikasirika, akasema amerogwa kazi. Akaanza dawa, akapunguza chumvi na nyama choma za njiani, baada ya wiki sita akarudi kupimwa akapita. Angejipima mwezi mmoja kabla, asingeipoteza nafasi ya kwanza.

Siku ya kupima, usifike mbio kutoka stendi ukakimbilia kiti. Kaa dakika tano umetulia, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo. Nusu saa kabla usivute sigara, usinywe kahawa wala vinywaji vya kuchangamsha. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi, rudia siku nyingine, na ikibaki hapo anza matibabu. Dawa ya presha humezwa kila siku, hata siku unayojisikia mzima. Kuna tabia ya kumeza siku tatu za mwisho ili upite kipimo. Presha ikirudi juu ukiwa njiani na mzigo au abiria, hakuna atakayejua mpaka iwe imechelewa.

Mwenye sukari anayetumia insulini au vidonge vya kuishusha asiondoke bila kula, na awe na kitu cha sukari karibu na usukani. Sukari ikishuka, mikono inatetemeka, jasho linatoka, akili inapotea kabla hujajua. Na dawa za mafua: Piriton inaleta usingizi mzito. Waambie wa duka la dawa kwamba wewe ni dereva, wakupe nyingine. Kama mkeo anakwambia unakoroma mpaka pumzi inakatika, na mchana unasinzia hata ukiwa umelala usiku kucha, huo ni ugonjwa wenye jina na matibabu. Mwambie daktari.

Ukishakuwa mzima ndipo ufuate karatasi: kitambulisho cha NIDA, TIN, cheti cha chuo, mtihani wa trafiki, kisha malipo TRA. Dereva wa gari la biashara anathibitishwa pia na LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, kwa mtihani wa kompyuta. Usiuogope, soma alama za barabarani na sheria, jizoeshe kutumia kipanya. Kwenye basi utapewa kitufe chako cha utambuzi, ukikigusisha mfumo unajua nani anaendesha na kwa mwendo gani. Kikomo cha basi na lori zito ni kilomita 80 kwa saa, na 50 penye makazi. Usimwazime mwenzako kitufe hata kama ni deiwaka, yaani dereva wa kushikia kwa siku, unayemwamini.

Na safari ikichukua zaidi ya muda wa saa 8, lazima madereva wawe wawili. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023, jambo hili kwetu Kusini limekuwa zito zaidi, maana Mtwara hadi Dar ni zaidi ya kilomita 550, na mvua ikiharibu barabara kama mwaka 2024 kule Somanga, saa zinaongezeka bila mwisho. Tajiri akikwambia utamudu peke yako, mwambie hapana mapema, kabla abiria hawajapanda.

Mimi miwani ya akiba naiweka kwenye droo pamoja na dawa zangu. Tukifika Nangurukuru nashuka, naifuta vumbi kwa kitambaa safi, namkabidhi mwenzangu usukani, nakwenda kulala kiti cha nyuma yake.