Panya walioumia ubongo: wanakumbuka njia au wana nguvu tu?

SWALI: Shikamoo daktari. Nasomea fiziotherapia. Nimesoma kuwa panya walioumizwa ubongo kisha wakapewa NGF, protini inayokuza neva, hufika jukwaani ndani ya bwawa la maji upesi kuliko wenzao. Tutajuaje kama wamekumbuka, au miguu tu imepata nguvu? Na mbona majeruhi wetu wa ajali hawapewi?

JIBU: Marahaba. Umegusa penyewe. Bwawa hilo, alilobuni Richard Morris mwanzoni mwa miaka ya 1980, ni beseni pana la maji yasiyoonyesha ndani, na jukwaa limezama kidogo tu. Panya hujielekeza kwa vitu anavyoviona chumbani. Muda wa kufika peke yake hauthibitishi kitu, ndiyo maana hupimwa pia kasi ya kuogelea. Kipimo ninachokiamini zaidi ni cha mwisho: jukwaa linaondolewa kabisa. Anayekumbuka huzunguka palepale lilipokuwa. Asiyekumbuka hutangatanga bwawa zima.

Mwaka 1995 kundi la Tracy McIntosh, Marekani, liliwaumiza panya ubongo kwa mshindo wa maji, kisha likawapa NGF moja kwa moja ndani ya ubongo. Kumbukumbu ya bwawani iliimarika, lakini udhaifu wa viungo ulibaki vilevile. Hata seli za hipokampasi, sehemu inayotunza ramani ya mahali, hazikuokolewa. Kinachoelekea kunufaika ni seli za septamu, sehemu nyingine ya ubongo, ambazo hupeleka asetilikolini, kemikali ya kupitishia ujumbe wa neva, huko hipokampasi na huitegemea sana NGF.

Kuhusu majeruhi, NGF ni molekuli kubwa, haivuki kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo. Ukiichoma mshipani haifiki. Miaka ya 1990 huko Sweden, wagonjwa wachache wa Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, waliingiziwa NGF kwa mrija kwenye vyumba vya maji ya ubongo; wakapata maumivu ya mgongo na kupungua uzito.

Kwa kazi yako, mfuatilie ndugu wa NGF aitwaye BDNF, protini nyingine inayokuza neva, maana mazoezi huipandisha. Ila wakati una uzito wake. Katika utafiti wa mwaka 2004, panya walioumia wakapewa gurudumu la kukimbilia papo hapo, BDNF yao haikupanda na bwawani walifanya vibaya zaidi. Waliosubiri wiki mbili walinufaika. Siku hizo za panya usizihamishie kwa binadamu kama zilivyo, lakini usimharakishe mgonjwa kwenye mazoezi mazito kabla daktari wake hajaridhia.