Tamasha la filamu kisiwani: kwanza ulizia maji

Mwaka wa kwanza tulichagua usiku wa mwezi mpevu. Tulitaka picha za kuvutia: skrini ufukweni, mbalamwezi juu ya bahari, watalii mchangani. Hakuna aliyemuuliza mvuvi hata mmoja. Mwezi mpevu huja na bamvua, yaani maji kujaa kuliko kawaida, na katikati ya filamu ya ufunguzi maji yakafika safu ya mbele. Watu walinyanyua viti huku wakicheka. Mimi nilikuwa nimekumbatia projekta.

Tangu hapo, mtu akiniuliza aanzie wapi, simwambii habari za filamu. Filamu zitakuja tu. Fungua maombi kwenye FilmFreeway, tovuti ya kupokelea filamu za matamasha, utakachokosa ni muda wa kuzitazama. Tafuta tarehe kwanza.

Tarehe inaanzia hotelini. Tulikwenda msimu wa wageni wengi, tukaahidiwa vyumba 10 kwa mdomo, na wiki mbili kabla vikauzwa. Watengenezaji filamu wetu walilala kwenye sebule za jamaa. Nenda wakati vyumba viko vitupu, na makubaliano yawe kwenye karatasi. Hoteli na filamu ni marafiki wa siku nyingi: tamasha la Venice lilianza Agosti 1932 kwenye baraza ya hoteli ya Excelsior, kisiwani Lido.

Tabu ni kwamba msimu wa vyumba vitupu mara nyingi ndio wa mvua, kwa hiyo uwe na ukumbi wenye paa hata kama moyo wako uko ufukweni. Na kama kasa hutaga kwenye ufukwe huo, uache kabisa. Mwanga huwapoteza watoto wao wanapotafuta bahari.

Halafu kuna zamu za wafanyakazi, na hapa ndipo nilipojifunza zaidi. Tropiki jua likishazama giza halichelewi, kwa hiyo tulikuwa tunaanza mapema na kumaliza mapema. Waliojaa ni wageni. Wapishi, madereva wa boti na watandika vitanda, yaani wenye kisiwa, walikuwa bado kazini. Mwaka wa pili tukaongeza onyesho la saa nne usiku, bila kiingilio. Watu walikuja na sare zao, wakakaa hadi juu ya ukuta, wakabishana na wahusika kwa sauti. Mtengenezaji mmoja aliniambia hajawahi kupata watazamaji kama wale. Ukiwa na fedha ya onyesho moja tu, fanya hilo.

Mengine nitayataja haraka. Ruhusa ya kuonyesha iwe ya maandishi kwa kila filamu, hata ya dakika tano. Faili la filamu ndefu kwa ajili ya sinema huweza kuzidi gigabaiti 100, na intaneti ya kisiwani unaijua. Omba diski ije mapema kwa boti, kisha icheze mpaka mwisho, si dakika mbili za mwanzo. Projekta ikitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi lenzi hufanya ukungu, basi itoe saa nzima kabla, ikiwa bado ndani ya mfuko wake.

Safari hii tumepanga usiku wa maji mafu, yasiyojaa sana. Mwezi utakuwa nusu, na msichana wetu wa matangazo amenuna. Tarehe ameichagua mzee mmoja mvuvi, ambaye sasa ni mjumbe wa kamati.