Momenti na msawazo wa nguvu: chora kwanza, chagua nukta yako, hesabu itafuata

Wadogo zangu wa mwaka wa kwanza politekniki, na nyie wa sekondari muliochagua sayansi na munajiandaa na Egzame ya Leta, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari, wacha niwaambie wazi: momenti, yaani uwezo wa nguvu kuzungusha kitu, haiko ngumu. Niko nafanya repetisio (masomo ya ziada) hapa Goma muda sasa, Himbi, Katindo, siku zingine kwa tochi ya simu juu umeme umeenda, na mwanafunzi anayekuja analia karibu kila mara anajua formula zote kwa kichwa. Nguvu mara mkono (umbali wa digri 90 kutoka nukta ya kuzungukia paka mstari wa nguvu), jumla ya momenti sawa na sufuri, anakuimbia kama kwaya ya kanisa. Lakini umupe boriti moja, bawaba na kamba, anaanza kuandika mistari mingi ya hesabu na hajui hata ni kitu gani anatafuta.

Kwa hiyo ushauri wangu hauko wa formula. Formula ziko tatu tu, na hazitaongezeka hata ukisoma paka doktora: kama nguvu zote ziko kwenye bapa moja, yaani zote unaweza kuzichora juu ya karatasi bila moja kutoka nje, basi jumla ya zile zinazoenda kulia na kushoto ni sufuri, jumla ya zile za juu na chini ni sufuri, jumla ya momenti kuzunguka nukta yoyote ni sufuri. Basi. Tatu. Maana yake kwa kitu kimoja unaweza kupata vitu visivyojulikana vitatu, haviwezi kuwa vinne. Ukihesabu kwenye shema (mchoro) yako ukaona vinne, usianze kutoa jasho, ama umesahau kitu walichokupa kwenye swali, ama lazima ukate kitu vipande viwili na uchore kila kipande peke yake, ama ni ile boriti yenye maegemeo mengi kupita kiasi ambayo itakuja mbele kwenye upinzani wa materio, kozi ya vile vitu vinavyopinda na kuvunjika.

Shema sasa. Hapa njo watu wanaanguka. Unachukua kitu chako, unakitoa peke yake, ukuta unauondoa, chini unapaondoa, kamba unaikata, na kila kitu ulichoondoa unaweka mahali pake nguvu ambayo kilikuwa kinatoa. Egemeo la rola linatoa nguvu moja tu, ile inayosimama digri 90 juu ya sakafu. Bawaba inatoa mbili, ya kulala na ya kusimama. Boriti iliyozikwa ndani ya ukuta inapata tatu, mbili pamoja na momenti. Kamba inavuta tu, kamba haisukumi hata siku moja, ukipata kamba inasukuma rudi nyuma. Na uzito unaushusha kwenye kitovu chake, nukta ambayo uzito wote unahesabiwa kama uko hapo, hauuweki mahali ambapo panakufurahisha.

Silabusi nyingi zinazopigwa fotokopi hapa zina mifano ya grue (kreni) za bandari na madaraja ya treni, na mwanafunzi wa Mabanga hajawahi kuona hivyo vitu, mi naona ni kupoteza muda wakati chukudu, ile ya mbao ya magurudumu mawili ya kubebea mizigo, iko inapita mbele ya mlango. Tuchukue chukudu basi. Kutoka ekseli ya gurudumu la nyuma paka ya mbele tuweke mita 1.6. Chukudu yenyewe kilo 50, kitovu chake katikati, mita 0.8. Juu yake mifuko ya makala ya kupikia (mkaa) na viazi na mwenyewe, jumla kilo 300, kitovu cha huo mzigo kiko mita 0.6 mbele ya ekseli ya nyuma. Tuchukue g ni 10 ili kichwa kisiume, prof akitaka 9.81 weka 9.81. Tuna 500 newtoni na 3000 newtoni chini, na ardhi inasukuma juu kwenye magurudumu mawili. Swali: kila gurudumu linabeba ngapi?

Mwanafunzi wa kawaida anaandika nguvu za juu na chini kwanza, anapata mbele na nyuma jumla 3500, vitu viwili visivyojulikana kwenye mstari mmoja, na hapo anakwama au anaanza kugawanya kwa mbili juu anaona magurudumu ni mawili! Wewe usianzie hapo. Anza na momenti, na nukta uichague pale ambapo nguvu usiyoijua inapita. Nguvu ikipita kwenye nukta, mkono wake ni sufuri, momenti yake sufuri, umeifukuza kwenye hesabu bila kuijua. Simama kwenye gurudumu la nyuma: mbele mara 1.6 sawa na 3000 mara 0.6 jumlisha 500 mara 0.8. Ni 1800 na 400, yaani 2200 newtoni mita, gawa kwa 1.6, mbele inabeba 1375 newtoni. Nyuma inabaki 2125. Unataka kuhakikisha? Usirudie njia ileile, hamia gurudumu la mbele: nyuma mara 1.6 sawa na 3000 mara 1 jumlisha 400, ni 3400, gawa, 2125. Zimekutana. Huo uhakikisho haufiki hata dakika moja na watu hawaufanyi, sijui juu ya nini.

Na ukishaielewa hiyo unaweza kujibu kitu ambacho kila mwenye chukudu anakijua kwa mwili: akirudisha mzigo nyuma sana, mbele inanyanyuka. Lini? Gurudumu la mbele likiwa halibebi kitu, ile 400 ya chukudu yenyewe ndiyo tu inayoshikilia, kwa hiyo 3000 mara umbali wa nyuma ni 400, umbali ni kama mita 0.13. Sentimita 13 nyuma ya ekseli, basi, chukudu inakaa kama farasi. Angalia vile mifuko inapangwa pale wanakopakia kutoka Kibumba, hakuna anayeweka mzito wote mkiani.

Sasa Kibumba iko juu na Goma iko chini, chukudu inashuka, na mteremko njo sehemu ambayo ba prof wanapenda kuweka kwenye egzame. Tuseme digri 10, vitesi (kasi) haibadiliki, mwenyewe amekanyaga freni ya gurudumu la nyuma. Vitesi ikiwa haibadiliki na njia imenyooka bado ni msawazo, hapo wengi wanadhani msawazo ni kusimama tu, hapana. Freni ya mguu yenyewe usiichore: mguu unasukuma gurudumu, gurudumu linasukuma mguu, zote ziko ndani ya kitu ulichokitoa, zinakulana. Kinachokuja kutoka nje ni msuguano wa ardhi chini ya gurudumu la nyuma.

Kwa mteremko usianze kutafuta mkono kwa rula na pembetatu za ajabu. Vunja uzito vipande viwili, kimoja sambamba na barabara, kingine kinachokandamiza barabara, halafu chukua momenti ya kila kipande, jumla yake ni momenti ya uzito wenyewe. Hiyo ni teorema ya Varignon, Mfaransa aliyeishi 1654 hadi 1722, na kwangu mimi ni zawadi kubwa kuliko zote kwenye kozi hii. Kosinusi ya 10 ni 0.985, sinusi ni 0.174. Lakini hapa sharti ujue na urefu wa vitovu kutoka chini, juu kile kipande sambamba na barabara nacho kina mkono: mzigo mita 0.8, chukudu mita 0.4. Simama tena pale gurudumu la nyuma linapogusa barabara, msuguano unapita hapohapo, umekufa, nguvu ya barabara kwenye gurudumu la nyuma nayo imekufa. Vipande vinavyokandamiza vinatoa 2200 mara 0.985, karibu 2167. Vipande vya kushuka vinaongeza 3000 mara 0.174 mara 0.8, na 500 mara 0.174 mara 0.4, pamoja ni kama 452. Jumla 2619, gawa kwa 1.6, gurudumu la mbele sasa linabeba karibu 1637 badala ya 1375. Nyuma imeshuka paka 1810 hivi.

Ona hiyo inasema nini. Freni iko nyuma na nyuma njo inapoteza uzito. Msuguano unaohitajika kushikilia kila kitu ni 3500 mara sinusi, kama 608 newtoni, na 608 gawa 1810 ni 0.34. Mpira wa pine juu ya lami kavu unapita 0.6 bila shida, kwa hiyo inashika. Juu ya matope ya mvua, sasa, hapo ni hadithi ingine. Na mzigo ukipangwa juu zaidi, ile 452 inapanda, nyuma inazidi kuwa nyepesi. Igeuze chukudu iangalie juu ya mlima, freni ileile imeshika, ile 452 unaitoa badala ya kuijumlisha, mbele inabaki na 1072 tu. Mfano mmoja, na umepitia karibu nusu ya sura.

Kitu kingine kinachosumbua ni bawaba. Kibao cha duka, mfano, vile viko vingi kule Birere: boriti ya kulala ya mita 2, bawaba kwenye ukuta, kwenye ncha kuna waya unaopanda kurudi kwenye ukuta kwa digri 30. Boriti ina 100 newtoni katikati, kibao 240 newtoni kinaning'inia mita 1.5 kutoka ukutani. Waya unavuta ngapi, bawaba inatoa nini? Unasimama kwenye bawaba, vitu vyake viwili visivyojulikana vinakufa kwa pamoja. Waya mara sinusi 30 mara 2 sawa na 100 jumlisha 360. Sinusi 30 ni nusu, kwa hiyo waya unavuta 460 newtoni. Ni zaidi ya uzito wote, ambao ni 340, na kila mwaka kuna mtu ananiambia "yaya, hii haiwezekani". Inawezekana, waya umelala sana, sehemu kubwa ya nguvu yake inaenda kukandamiza boriti kwenye ukuta badala ya kubeba. Bawaba inapata 398 ya kulala, na 110 ya kusimama.

Na sasa usiamini tu. Uzito wa boriti na wa kibao unaweza kuunganisha kuwa mmoja wa 340 unaopita mita 1.353 kutoka ukutani, hiyo ni 460 gawa 340. Umebaki na nguvu tatu: uzito, waya, bawaba. Nguvu tatu zisizo sambamba, kama kitu kiko kwenye msawazo, lazima zikutane kwenye nukta moja. Pale mita 1.353, waya uko juu ya boriti kwa 0.647 mara tanjenti 30, yaani mita 0.374. Gawa 0.374 kwa 1.353, unapata 0.276. Na 110 gawa 398? 0.276. Bawaba inaelekeza sawasawa pale zingine zinapokutana. Hiyo mi naipenda kupita maelezo, unaweza kuifanya kwa rula kwenye brujoni (karatasi ya majaribio) na kujua kama umepatia kabla hujatoa kopi. Pia inakuonyesha ule uongo ambao unazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, eti nguvu ya bawaba inalala kila wakati kwenye boriti. Inalala pale tu ambapo boriti haina uzito na imeguswa kwenye ncha zake mbili tu.

Kuhusu alama sina mengi. Chagua upande mmoja wa kuzunguka uwe chanya, mi nachukua kinyume cha saa, uandike juu ya karatasi, na usibadilishe katikati ya swali. Na newtoni mita usiisahau nyuma ya jibu, maprof wengine wanakata pointi kwa hiyo tu. Kama swali lina kapo, yaani nguvu mbili sawa, sambamba, zinazopingana, momenti yake ni ileile kwa nukta yoyote, usianze kuitafutia mkono kila unapohama.

Ila alama ya kutoa ikitoka kwenye jibu, tafadhali usifute shema. Chukua kibao kilekile, toa waya kwenye ncha uuweke katikati ya boriti, mita 1 kutoka ukutani, pembe ileile ya digri 30. Momenti kuzunguka bawaba: waya mara nusu mara 1 sawa na 460, waya unavuta 920. Kipande chake cha kusimama ni 460, na uzito wote ni 340, kwa hiyo bawaba ya kusimama inatoka kutoa 120. Wengine wanaona ile alama wanapiga mstari juu ya ukurasa mzima na kuanza upya, wakati hesabu iko sawa kabisa: ulichora mshale unaangalia juu, kumbe bawaba inavuta boriti chini, juu waya wa katikati unanyanyua sana na kibao kiko nje yake. Acha mshale kama ulivyo, andika 120 kuelekea chini, endelea na 797 ya kulala. Na kama ni wewe unayemufungia mutu hicho kibao kwa ukweli, chagua vis (skrubu) za bawaba ukijua kwamba kwenye mpango huu wa pili boriti inazivuta juu na waya unabeba mara mbili ya ule wa kwanza.