Kwa nini Pugu iliacha jina la mtakatifu?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mwanangu kapangiwa kidato cha tano Pugu Sekondari. Babu yake, aliyesoma pale miaka ya sitini, mpaka leo anaiita "St. Francis", na anasema Mwalimu Nyerere aliwahi kufundisha hapo. Ni kweli? Na shule ya mapadri iligeukaje kuwa ya serikali?
Mama, Gongo la Mboto

JIBU: Marahaba mama, na hongera kwa kijana.

Babu hajakosea. Shule ilikuwa ya Wamisionari wa Roho Mtakatifu. Nyerere alirudi kutoka Edinburgh mwaka 1952 na shahada yake ya M.A., akaajiriwa pale kufundisha historia. Kufundisha hakukumzuia kuteremka mjini, kilomita kama 20, kwa shughuli za TAA, yaani Tanganyika African Association, ambayo alichaguliwa kuwa rais wake Aprili 1953. Tarehe 7 Julai 1954 TAA ikageuzwa TANU, naye bado ni mwalimu wa Pugu. Machi 1955 akaenda New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliporudi ikabidi achague, darasa au siasa. Mshahara akauacha Pugu, jina la Mwalimu akaondoka nalo.

Jina la mtakatifu liliondoka baadaye. Baada ya Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea, yote ya mwaka 1967, Sheria ya Elimu ya 1969 iliipa serikali nguvu ya kuzichukua shule za mashirika ya dini. Zamani dini ya mzazi iliweza kumfungulia mtoto mlango au kumfungia. Sasa wanafunzi wakawa wanapangwa popote nchini.

Mimi ni tunda la mpango huo. Nilipangiwa shule nyingine iliyokuwa ya misheni, mbali mno na kwetu. Kwenye dabodeka yetu nililala chini, juu akalala kijana wa Bukoba. Kabla ya mwaka kwisha nilikuwa najua kusalimia Kihaya. Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori, imening'inizwa mwembeni, imegongwa miaka na miaka mpaka ukingo wake mmoja umekuwa bapa na kung'aa kama sarafu. Ikilia saa kumi na moja alfajiri ni mchakamchaka, kisha usafi, kisha paredi. Jioni shamba, kila kidato na matuta yake. Mahindi yale tuliyala wenyewe, na sijapata kula ugali mtamu kama ule.

Si kila mila naililia. Sisi njuka, yaani wageni wa kidato cha kwanza, tuliwachotea maji kaka zetu wa kidato cha nne, ndoo mbili kila mmoja kabla ya paredi, na aliyechelewa alikiona. Hiyo ife kabisa, na kijana wako akikutana nayo popote amwambie mwalimu wa zamu siku hiyo hiyo.

Siku ya kuripoti, mama, mchukue na babu. Amwonyeshe mjukuu bweni alilolala na darasa alilosoma, nawe uwe na daftari, uandike anayoyasema.