Usishushe bei ya strimingi kabla hujajua nani anaondoka, na lini

Wiki iliyopita msomaji mmoja, meneja wa bidhaa kwenye kampuni ya televisheni ya kulipia, aliniandikia: "Kaka, wakubwa wameamua aplikesheni yetu iuzwe nusu ya bei ya king'amuzi, chaneli zote ndani, ili tuwapate vijana. Natakiwa kupeleka hesabu Ijumaa. Unanishauri nini?"

Nilimjibu kwa mistari miwili kwamba hesabu ya namna hiyo asiipeleke. Baadaye nikaona sikumtendea haki, maana mistari miwili haimsaidii mtu anayekwenda kukaa mbele ya mkurugenzi wa fedha. Na wewe unayesoma hapa nadhani u mwenzetu: unapanga bei, au unatamani siku moja uwe ndiye mpanga bei, na umechoka kuletewa namba zilizokwisha kuamuliwa na watu ambao hawajawahi kufungua ripoti ya wateja waliositisha malipo.

Nianze na king'amuzi, kwa sababu ndicho kilichotulea vibaya. Mteja wa dishi alinunua king'amuzi, akamlipa fundi, akatobolewa ukuta. Kuhama kulikuwa na gharama, kwa hiyo alibaki hata alipokuwa ametununia. Sisi ofisini tukajisifu kwamba wateja wanatupenda. Strimingi, yaani kutazama kwa intaneti, imemwondoa fundi na imeuacha ukuta salama. Mtu anajiunga ligi ikianza, na usiku wa mechi ya mwisho, wachezaji hawajavua hata jezi, ameshasitisha akiwa kitandani. Punguza bei unavyotaka, huwezi kumzuia mtu ambaye mwezi ujao hana cha kutazama kwako.

Upande wa gharama nao umegeuka, na hapa ndipo mameneja wengi hawaangalii. Ishara ya setilaiti ikisharushwa, mtazamaji wa milioni moja hakuongezei kitu kwenye gharama ya kuirusha. Kwenye strimingi kila saa anayotazama mteja kuna anayekudai kwa kuifikisha kwenye simu yake. Akijiunga kupitia duka la aplikesheni la simu, kuna mkato mwingine: kwa kawaida Apple huchukua asilimia 30 ya malipo ya mwaka wa kwanza, kisha asilimia 15 anapoendelea. Netflix walichoka na mkato huo, na mwishoni mwa 2018 wakaacha kupokea wateja wapya kwa malipo ya kupitia iPhone. Sasa chukua hiyo nusu bei. King'amuzi kilikuwa kinakuletea 10. Aplikesheni inaleta 5, duka linakata 1.5, zimebaki 3.5, na bado hujawalipa wenye chaneli wanaotoza kwa kichwa. Wewe mwenyewe niambie nusu iko wapi hapo.

Sasa yaliyonikuta mimi, na mniwie radhi kidonda kikionekana.

Kampuni niliyokuwa nafanya kazi, jina naliacha, iliamua kuingia strimingi. Miezi ya kujadiliana na wenye chaneli naiacha pia, inachosha na wanasheria ndio walioifaidi. Siku ya kuamua bei kulikuwa na mapendekezo mawili mezani. La kwanza ni hilo la rafiki yetu, kila kitu kwa nusu bei. La pili lilitoka idara ya masoko: tuivunje kabisa dhana ya vifurushi, mteja anunue chaneli moja moja anayoitaka. Hili la pili lilipigiwa makofi, kwa sababu linasikika kama haki.

Kuhusu hilo la makofi, hesabu yake ni ya zamani. Mwanauchumi George Stigler aliionyesha mwaka 1963 alipoandika juu ya filamu zilizokuwa zikiuzwa kwa vituo vya televisheni kwa mafungu. Niiweke kwa namba zangu. Watazamaji ni wawili. Mmoja yuko tayari kulipa 10 kwa michezo na 3 kwa tamthilia. Wa pili ni kinyume chake, 3 kwa michezo na 10 kwa tamthilia. Ukiuza kimoja kimoja kwa 10, kila mtu ananunua anachokipenda tu, unapata 20. Ukishuka hadi 3 wote wananunua vyote, unapata 12. Ukivifunga pamoja kwa 13, wote wawili wanalipa na unaondoka na 26. Hakuna aliyelipa zaidi ya thamani anayoiona yeye. Kifurushi kinafanya kazi pale ambapo watu wanapenda vitu tofauti, na kikishavunjwa, kile kila mtu anachokitaka kinapanda bei mpaka walioshangilia wanashangaa.

Mimi niliingia na pendekezo la tatu. Anayelipia king'amuzi apewe aplikesheni bila kuongeza hata senti. Asiye na king'amuzi auziwe kifurushi chembamba cha tamthilia, filamu na vipindi vya watoto. Michezo iwe nyongeza: ukilipa msimu mzima unapata punguzo, ukitaka mwezi mmoja mmoja unalipa zaidi. Nilikuwa na majedwali yangu, nimeyaandaa usiku. Mkubwa mmoja akauliza kama nimetumwa na washindani. Chumba kizima kilicheka, akiwemo aliyenisaidia kuyaandaa.

Walichagua nusu bei. Idadi ya waliojiunga ilipanda haraka na keki ikakatwa. Mimi nilihamishiwa kwenye ripoti za mawakala wa ving'amuzi, kazi isiyo na mtu wa kukukatisha sentensi.

Na ni huko kwenye ripoti nilikoona kinachoendelea. Waliokuwa wa kwanza kuhamia aplikesheni hawakuwa vijana wapya. Walikuwa wateja wetu wa kifurushi cha juu kabisa, wale wa miaka mingi, wasiochelewa kulipa. Nyumba ileile, mechi zilezile, kwa nusu bei, nani asingehama? Vijana nao walikuja, wakatazama ligi, ligi ikaisha, wakaondoka. Yaani tulikuwa tumelipa ili kuwahamisha wateja wetu bora kutoka mahali wasipotoka kirahisi hadi mahali pa kutoka kwa kidole kimoja.

Muda ukapita, akaletwa mshauri kutoka nje. Aliwasilisha mpango mpya: aplikesheni bure kwa wenye king'amuzi, kifurushi chembamba kwa wasio nacho, michezo kama nyongeza ya msimu. Jedwali lake moja lilikuwa na kosa lilelile la tahajia nililolifanya mimi. Makofi yalipigwa. Barua pepe ya pongezi ilitaja watu wengi na jina langu halikuwemo. Mwezi huu mwenzangu aliyebaki kule ameniambia kwamba waliolipa msimu mzima wameendelea kuonekana hata ligi ikiwa mapumzikoni, kwa sababu wameshazoea tamthilia. Nilifurahi. Nilikasirika pia, tena sana, na sioni haja ya kujifanya mtakatifu.

Wapo watakaosema hiyo ni hadithi ya mtu mmoja mwenye kinyongo. Haya, tazama waliofanya hadharani. Julai 2011 Netflix walitenganisha DVD za posta na strimingi nchini Marekani. Aliyekuwa akilipa dola 9.99 kwa vyote viwili akatakiwa kulipa 7.99 mara mbili, ongezeko la asilimia 60. Katika robo hiyo ya mwaka walipoteza wateja wapatao 800,000. Strimingi ndiyo ilikuwa njia sahihi, muda umethibitisha, lakini walimwonyesha mteja mshono wa kifurushi na wakamwambia alipie kila upande.

Kosa la upande wa pili, la bei ya kutupa, walilifanya AT&T. Mwishoni mwa 2016 kampuni hiyo ya simu ya Marekani ilizindua DirecTV Now, chaneli za televisheni kwa intaneti, ikiwa na ofa ya chaneli zaidi ya 100 kwa dola 35. Watu walimiminika. Ofa zilipoanza kuondolewa, katika robo ya mwisho ya 2018 peke yake waliondokewa na wateja 267,000. YouTube TV, huduma nyingine ya namna hiyo, nao walianza 2017 kwa dola hizohizo 35, na Januari 2025 walikuwa wamefika 82.99. Chaneli hazikuacha kudai fedha zao eti kwa sababu zinapita kwenye intaneti. Ukianza na bei ya chini kwa mzigo wote, siku ya kupandisha itafika, na hiyo ndiyo siku mteja anakumbuka kwamba hana mkataba nawe.

Mfano ninaoupenda ni wa Charter, kampuni ya televisheni ya kebo ya Marekani, na Disney, mwaka 2023. Chaneli za Disney zilikatwa kwa wateja wa Charter karibu milioni 15 tangu mwisho wa Agosti. Hoja ya Charter ilikuwa ya maana: mnatutoza bei ya jumla kubwa kwa chaneli, huku vipindi bora mnavihamishia kwenye aplikesheni yenu, ili mteja wetu alipe mara mbili. Tarehe 11 Septemba walikubaliana, na Disney+, ile aplikesheni ya Disney, katika toleo lenye matangazo, ikaingizwa ndani ya kifurushi cha televisheni. Niliposoma makubaliano hayo niliwaza ule ukumbi na kile kicheko. Wenzetu wakubwa kabisa wamegombana hadi skrini zikawa nyeusi, kisha wakaafikiana juu ya jambo ambalo mimi niliulizwa kama nimetumwa.

Basi sikilizeni, mnaoanza kazi hii. Msianze na bei. Anzeni na ripoti ya wanaoondoka: ni nani, wa kifurushi gani, mwezi gani, baada ya kipindi gani kuisha. Msiruhusu aplikesheni iwe na kila kitu cha king'amuzi kwa bei ya chini yake. Kama ni nafuu, lazima ipungukiwe na kitu kinachoonekana. Michezo ifungeni na msimu. Mpeni mteja anayetaka kuondoka mahali pa kushukia, kifurushi kidogo zaidi au kusimamisha kwa muda, kabla hajafika kwenye kitufe cha kufuta. Na narudia, anzeni na ripoti ya wanaoondoka. Nitalirudia hili hadi mnichoke, kwa sababu kwenye mikutano yote niliyohudhuria watu waliitazama idadi ya wanaojiunga, na mwenye ripoti ya wanaoondoka alikuwa amekaa nyuma karibu na mlango. Msikubali kukaa karibu na mlango. Bosi akicheka, endelea kusoma jedwali. Weka tarehe na jina lako kwenye kila ukurasa, mshauri atakuja tu.

Kwa rafiki yangu wa Ijumaa: usiende na bei moja. Nenda na misimu miwili iliyopita ya waliositisha, iliyopangwa kwa kifurushi na mwezi, na kando yake weka kinachobaki kwa mteja mmoja kwa mwaka mzima baada ya duka la aplikesheni, usafirishaji wa video na wenye chaneli kuchukua chao. Mkurugenzi wa fedha atasimama hapo kwa muda mrefu. Wakishikilia kwamba lazima kuwe na kitu cha bei ya chini kwa vijana, wakubalie kifurushi chenye matangazo. Novemba 2022 Netflix walikitoa chao Marekani kwa dola 6.99, wakakipunguzia ubora wa picha, wakaondoa baadhi ya filamu na ruhusa ya kupakua, hivyo aliyekuwa akilipa 15.49 hakuwa na sababu kubwa ya kushuka. Fanya hivyohivyo, na hakikisha mkuu wa mauzo ya matangazo yumo chumbani siku hiyo, maana ni yeye atakayetakiwa kuliziba pengo la mapato, na ni vizuri akalisikia kabla ya keki.